Waandishi watatu, kijitabu kimoja cha korosho: tumchague nani?

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika huku Newala. Bodi imetenga shilingi 2,400,000 za kuandikisha kijitabu cha kurasa 40, ukubwa wa A5, cha kuwaelekeza wanachama namna ya kutunza ubora wa korosho tangu kuokota shambani mpaka kuzifikisha ghalani. Uchapaji una fungu lake. Wameomba watu watatu: mwalimu wa sekondari aliyeko Masasi, ambaye huandika vipindi vya redio, mwandishi wa habari wa Dar es Salaam mwenye jina, anayetaka alipwe kwa neno, na kijana mwenye shahada anayesema atamaliza kwa siku nne, kwa nusu ya fungu letu. Bodi imegawanyika. Tunamjuaje anayefaa, na tumlipe vipi ili tusiliwe hela?

JIBU: Ndugu Katibu, bodi imegawanyika kwa sababu inalinganisha watu kabla ya kukubaliana kazi yenyewe ni ipi. Mwalimu akisikia "kijitabu cha ubora wa korosho" anaona somo lenye maswali mwishoni. Mwandishi wa habari anaona makala ndefu yenye kauli za wakulima. Kijana anaona kitu cha kukusanya mtandaoni. Kila mmoja ametaja bei ya kitabu kilichomo kichwani mwake, na vitabu hivyo vitatu havifanani. Mkichagua sasa mtakuwa mmechagua sura ya mtu au unafuu wa bei.

Kaeni jioni moja muandike hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, kurasa mbili zinatosha. Anzeni na msomaji, na msiandike "wakulima wote". Andikeni mtu anayeonekana: mwanachama mwenye ekari nne za mikorosho, aliyeishia darasa la saba, nyumbani anazungumza Kimakonde, na huenda kijitabu atasomewa na mjukuu wake. Hapo mwandishi anajua sentensi ziwe fupi kiasi gani, picha ziwe nyingi kiasi gani, na kwamba herufi ziwe za pointi 12 au 13, maana wengi watakishika jioni mwanga ukiwa hafifu. Halafu semeni msomaji huyo akishafunga kijitabu afanye nini: aokote korosho zilizoanguka badala ya kuzichuma mtini, aondoe mabaki yote ya bibo (tunda la mkorosho linaloshika korosho), aanike vizuri, achambue daraja la kwanza na la pili, afungashe kwenye magunia ya juti. Mwisho orodhesheni yasiyotakiwa humo. Historia ya chama haitakiwi. Salamu za mwenyekiti za kurasa tatu hazitakiwi. Malalamiko ya bei za mnada hayatakiwi. (Mambo haya mara nyingi huingizwa na bodi yenyewe, si mwandishi, kwa hiyo yapigeni marufuku mapema kabla hayajapata mtetezi.)

Kisha fanyeni hesabu ya maneno, kwa sababu "kurasa 40" si kipimo cha kumpa mwandishi. Ukurasa wa A5 wenye herufi za pointi 12 hubeba takribani maneno 230 kama hauna picha. Toeni kurasa 4 za jina la kitabu, yaliyomo na mawasiliano ya chama. Toeni nafasi ya picha na michoro, tuseme jumla ya kurasa 12. Zinabaki kurasa 24, sawa na maneno kama 5,500. Hicho ndicho mnachonunua. Akiwaletea 9,000 atakuwa amewaongezea gharama ya uchapaji, wala msimshukuru. Kumbukeni pia kwamba kijitabu cha kubana kwa pini hukunjwa karatasi kwa karatasi, kwa hiyo kurasa zake lazima zigawanyike kwa 4. Arobaini inagawanyika. Maandishi yakifika kurasa 42 mchapaji atawapeleka 44, na kurasa mbili tupu mtazilipia.

Sasa jaribio, na hapa ndipo ningeweka nguvu nyingi. Wasifu, vyeti na hata makala zilizokwisha kuchapishwa havisemi mengi. Makala ya gazetini imepita kwa mhariri, pengine wawili, na hamwezi kujua ni sentensi zipi za mwandishi na zipi za mhariri. Kama mnataka kuona kazi za nyuma, ombeni rasimu kabla haijahaririwa. Kipimo cha kweli ni kipande kidogo cha kazi yenu hii hii, kilichoandikwa na wote watatu kwa malighafi ileile.

Lipieni jaribio hilo. Shilingi 50,000 kwa kila mmoja ni 150,000, na hizo ndizo fedha zitakazowaokolea nyingi zaidi katika mradi mzima. Jaribio la bure huwafukuza wenye kazi zao, na anayekubali huandika harakaharaka au huleta kitu cha zamani alichokibadilisha kichwa.

Wapeni wote ukurasa mmoja wa maelezo ghafi kuhusu kuanika korosho, na namba ya simu ya karani wenu wa ghala awe tayari kuulizwa kwa nusu saa. Waandike maneno 300, siku tatu. Ndani ya maelezo hayo tegeni mgongano mmoja: mahali pamoja andikeni korosho huanikwa juani siku mbili mpaka tatu, mahali pengine andikeni siku moja inatosha. Msiseme kitu. Anayefaa atawapigia: "Katibu, hapa naona siku moja, pale siku tatu, tushike lipi?" Asiyefaa atachagua mojawapo kimyakimya, na mwingine ataandika yote mawili katika aya moja. Kosa kama hilo likipita kijitabuni, mkulima anafunga korosho mbichi kwenye gunia, zinavunda, na ghalani zinashushwa daraja. Lawama zitarudi kwa chama, kwa kuwa nembo yenu ndiyo iko juu ya jalada.

Baada ya siku tatu, kabla hamjasoma, mwulizeni karani: nani alipiga simu, na aliuliza nini? Aliyeuliza "unajuaje kama imekauka?" yuko mbele ya aliyeuliza "kwa kifupi mchakato ukoje?". Yule wa kwanza anatafuta jambo la kuonyesha, yule wa pili anatafuta maneno ya kujaza ukurasa.

Mnaposoma, mtakutana na maandishi ya namna hii: "Ni muhimu kwa wakulima kuhakikisha kuwa kiwango cha unyevu katika korosho ghafi kinazingatiwa ipasavyo kwa mujibu wa miongozo iliyopo ili kuepusha athari hasi katika ubora wa zao." Sarufi haina kosa na hakuna cha kubishia, ila mkulima akiisikia hana la kufanya kesho asubuhi. Linganisheni na hii: "Tandaza korosho kwenye turubai, jamvi au sakafu ya saruji, zisipandane. Usianike kwenye mchanga mtupu. Zigeuze mara kwa mara, na jioni zifunike zisipate umande. Baada ya siku mbili mpaka tatu za jua kali chukua chache kiganjani uzitikise. Zikigongana kwa sauti kavu, zimekauka." Huyu wa pili ameuliza. Kila sentensi yake ina kitendo, na mkulima anaweza kujipima mwenyewe bila mashine. Kama kipimo cha unyevu kinatakiwa kutajwa, atataja kwamba ghalani wanataka usizidi asilimia 10, lakini hatauanza ukurasa na asilimia.

Msiishie kusoma wenyewe ofisini. Wakusanyeni wanachama watano, wawili wao wawe wanawake na mmoja awe mzee asiyesoma, kisha kijana mmoja asome kila kipande kwa sauti. Msiwaulize "mmeelewa?" kwa sababu watu wetu kwa heshima watajibu ndiyo. Ulizeni: "Ukifika nyumbani na korosho zako leo, unaanza na nini? Kisha?" Andikeni wanachojibu. Kipande ambacho wanne kati ya watano wanaweza kukieleza tena kwa mpangilio ndicho kilichoandikwa vizuri, hata kama mjumbe mmoja wa bodi atasema lugha yake ni nyepesi mno. Mjumbe huyo atakuwepo, naye mjiandae kumjibu.

Nirudi kwa hao watatu, nikijua tu uliyonieleza. Mwalimu wa Masasi ana mambo mawili mazuri: yuko karibu na mashamba, na aliyezoea kuandikia redio hujua kwamba sentensi ndefu hukata pumzi. Hatari yake ni muda. Mwalimu huandika jioni na likizoni, kwa hiyo mwulizeni hasa likizo ya Juni atakuwa wapi, na ana mitihani mingapi ya kusahihisha. Hatari ya pili ni tabia ya darasani, ile ya kueleza maana ya neno "ubora" kwa ukurasa mzima kabla hajafika kwenye korosho.

Mwandishi wa Dar huenda ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Shida yangu kwake si umbali, ingawa safari ni zaidi ya kilomita 500 na nauli na malazi yatatoka kwenu. Shida ni malipo kwa neno. Kwa kijitabu cha mkulima, kazi ngumu ni kupunguza, na huwezi kumlipa mtu kwa wingi wa maneno halafu utegemee ayapunguze. Akikubali bei moja kwa kazi nzima, na akikubali kuja Newala angalau siku tatu, ni mshindani wa kweli. Akisema atafanya yote kwa simu, jueni atakosa vitu ambavyo watu hawavisemi kwenye simu: gunia la plastiki lililogeuzwa kuwa la korosho, maganda ya bibo yaliyobaki kwenye kikonyo, korosho zilizoanikwa kandokando ya barabara. Mtu wa mbali anaweza kuandika kurasa 40 bila kuigusa kangomba, ule uuzaji wa korosho kwa walanguzi nje ya mnada, hata kwa mstari mmoja, wakati mkulima anayeuza kwa bakuli kabla ya msimu ndiye mwenye sababu ndogo zaidi ya kuhangaika na madaraja.

Kijana wa siku nne ana swali moja la kujibu: atazungumza na wakulima wangapi katika siku hizo nne? Maneno 5,500 yanaweza kuchapwa kwa siku nne, hata mbili, hasa kwa programu za akili unde. Sisemi programu hizo zipigwe marufuku. Zinasaidia kupanga vichwa na kusaka makosa ya tahajia. Ubaya wake ni kwamba huandika jambo lisilo kweli kwa sauti ileile ya uhakika inayoandika la kweli, na katika kilimo hapo ndipo mtu anaumia. Ikitokea kijitabu kikagusa ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) na salfa inayopulizwa kuuzuia, kipimo kilichobuniwa kitamwingiza mkulima hasara ya msimu. Dalili huonekana mapema: aya zote zina urefu mmoja, kila kipengele kina faida tatu, tarakimu zipo lakini ukimuuliza amezitoa wapi anababaika. Dawa yake ni sharti moja katika hadidu za rejea: mwandishi akabidhi madaftari au rekodi za mazungumzo yake, na kila kipimo kiwe na chanzo pembeni. Kwa yanayohusu magonjwa na viuatilifu chanzo kiwe kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele au ofisa ugani wa halmashauri. Akikubali sharti hilo siku nne zitageuka wiki tano zenyewe, na bei itapanda. Hapo mtakuwa mnalinganisha bei za kazi moja.

Kwa wote watatu pigeni simu kwa wateja wawili wa zamani. Msiulize kama ni mwandishi mzuri. Ulizeni alileta siku gani dhidi ya siku aliyoahidi, na kama wangempa tena malipo ya awali. Kusitasita kwenye swali la pili ni jibu.

Tuje kwenye fedha. Kati ya 2,400,000 zenu, wekeni 150,000 za jaribio, 300,000 za usafiri wa mwandishi vijijini, na 350,000 za mhariri pamoja na mtaalamu wa korosho atakayesoma rasimu. Hizi 350,000 msizile hata mkibanwa vipi. Mwandishi hawezi kuona makosa yake mwenyewe. Zinabaki 1,600,000 za uandishi. Kwa kazi hii kadirieni siku 16: nne za kuzungumza na watu shambani na ghalani, nane za kuandika, tatu za marekebisho, moja ya kusomea wakulima. Ni 100,000 kwa siku. Mwonyesheni hesabu hiyo. Akisema siku hazitoshi, aoneshe ni siku zipi. Hayo ni majadiliano ya maana kuliko kuvutana "ongeza kidogo, punguza kidogo".

Kodi isiwashtukize. Chama kikilipa ada ya huduma kwa mkazi wa Tanzania kinakata kodi ya zuio asilimia 5 na kuipeleka TRA, kwa hiyo mwandishi awe na TIN, namba ya mlipakodi. Kwenye 1,600,000 makato ni 80,000, mkononi anapata 1,520,000. Kama yeye alielewa 1,600,000 ni za mkononi, ninyi mtatakiwa kutenga karibu 1,684,000. Ugomvi wa aina hii hutokea siku ya malipo ya mwisho, wakati kila mtu amechoka. Andikeni kwenye mkataba maneno "kabla ya kukata kodi", na mkishakata mpeni hati ya makato. Hakikisheni pia kifungu hiki kimo katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu, maana ofisa ushirika atauliza.

Lipeni kwa awamu zilizofungwa na kitu kinachoshikika: asilimia 30 (480,000) mkataba ukisainiwa, asilimia 40 (640,000) akikabidhi rasimu kamili, asilimia 30 iliyobaki toleo la mwisho likikubaliwa. Msilipe nusu mwanzoni. Wala msikatae kabisa malipo ya awali, kwa kuwa asiye na nauli ataanza kazi za wengine kwanza. Na hapo kwenye "likikubaliwa" pana mtego unaomuumiza mwandishi: vyama vingine hukaa na rasimu miezi miwili bila kusema lolote. Wekeni kwamba chama kitatoa maoni ndani ya siku 10, na kisipofanya hivyo awamu hiyo inahesabiwa imekubaliwa. Mwandishi mzuri akiona kifungu hicho atawaheshimu.

Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo mkataba uwepo hata kama ni wa ukurasa mmoja na nusu. Utaje idadi ya maneno, tarehe, awamu za malipo, na raundi mbili za marekebisho ndani ya bei. Utaje jina la mtu mmoja tu wa kupeleka maoni kwa mwandishi. Hili la mtu mmoja linaonekana dogo. Bodi ya watu saba ikituma maoni saba kwenye WhatsApp, huyu akitaka picha zaidi na yule akitaka maneno zaidi, mwandishi atamfuata mwenye sauti kubwa. Katibu, kusanya wewe, patanisheni ndani kwanza, mpeleke karatasi moja.

Hakimiliki nayo isiachwe hewani. Nchini inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na msidhani kwamba kulipa peke yake kumewapa kila kitu. Andikeni kwamba baada ya malipo ya mwisho haki za kuchapa, kutafsiri na kusambaza zinahamia kwa chama, na kwamba jina la mwandishi litatajwa ukurasa wa ndani. Kama mnafikiria siku moja kukisoma redioni, semeni sasa. Wakulima watakaopigwa picha au kutajwa majina wasaini ridhaa, maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Akabidhi maandishi katika faili linaloweza kuhaririwa, si PDF pekee. Picha zije kama faili halisi. Zikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na kwenye karatasi hutoka na ukungu. Picha ya ukurasa mzima wa A5 iwe na angalau pikseli 1748 kwa 2480.

Kuhusu kalenda, hesabuni kurudi nyuma. Minada huanza kuchangamka Oktoba, kwa hiyo nakala ziwe mikononi mwa wanachama katikati ya Septemba. Mpeni mchapaji wiki tatu pamoja na usafirishaji, msanifu wa kurasa wiki mbili, marekebisho na kusomea wakulima wiki mbili, uandishi wiki nne, mazungumzo ya shambani wiki moja, na jaribio na uteuzi wiki tatu. Ni wiki 15, yaani tangazo la jaribio litoke mwanzoni mwa Juni. Wiki ya shambani itaangukia wakati watu wanapuliza salfa alfajiri kabla upepo haujaamka, kwa hiyo mwandishi aombe miadi ya alasiri. Mkichelewa mpaka Agosti, afadhali mkiahirishe mpaka msimu ujao kuliko kukigawa Januari, mvua imeshika na korosho zimeshauzwa.

Ikitokea hakuna aliyefaulu jaribio peke yake, angalieni kama vipande viwili vinakamilishana. Mara nyingi aliyeuliza maswali bora si aliyeandika vizuri zaidi. Mwalimu anaweza kulipwa siku zile nne za shambani na kukabidhi madaftari yaliyopangwa, kisha mwandishi wa Dar akaandika kutokana na madaftari hayo kwa bei moja, mikataba miwili tofauti na fungu lilelile la 1,600,000. Mkienda njia hiyo, mwenye kuandika awe na haki ya kumpigia simu mwenye madaftari mpaka siku ya toleo la mwisho, na hilo liandikwe kwenye mikataba yote miwili.